Majina ya faili za kashe kwenye programu za simu: tumia heshi ipi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaotengeneza programu za simu hapa Arusha na Moshi: za waongoza watalii, za wapanda mlima, za wakulima wa kahawa, za maduka. Karibu zote hushusha picha kutoka kwenye seva na kuzitunza kwenye simu, katika folda ya kashe, ili zisishushwe tena. Kila faili huko huhitaji jina, na jina hilo hutokana na heshi, yaani fomula inayogeuza anwani ya picha kuwa mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu. Karibu kila anayetengeneza programu hizi hufika mahali akauliza heshi ipi ina kasi zaidi. Nimejibu kwa kirefu kwa sababu kasi si jambo la kwanza la kuangalia hapa. Tukikosea, anayeumia ni mtu aliyenunua bando kwa shilingi za kuhesabu, na bando hilo linaishia kwenye picha alizokwisha kuzishusha jana.

Kwa nini nisiipe faili jina la anwani yenyewe?

Kwa sababu anwani haikutengenezwa iwe jina la faili. Chukua hii: https://picha.example/tarangire/tembo-014.jpg?w=480. Kila mkwaju simu itausoma kama mwanzo wa folda mpya. Nukta pacha na kiulizo hukataliwa na memori kadi zenye mfumo wa faili wa FAT32. Halafu kuna urefu: ext4 na F2FS, mifumo ya faili ya simu nyingi za Android, haikubali jina linalozidi baiti 255, na anwani iliyobeba saini ya seva (mkia mrefu wa kuthibitisha ruhusa) inavuka hapo kirahisi. Heshi inachukua anwani ya urefu wowote na kukupa mfuatano wa urefu mmoja kila mara, wenye tarakimu na herufi chache zisizosumbua popote.

Haya, heshi ipi ina kasi kuliko zote?

Kati ya zinazojulikana sana, XXH3 ya Yann Collet, iliyotangazwa kuwa imetulia mwaka 2020 ndani ya familia ya xxHash. Kwenye vipimo vya mradi huo wenyewe, kwa kompyuta yenye prosesa ya Intel i7-9700K, XXH3 inapitisha gigabaiti 31.5 kwa sekunde. Kati ya heshi nyingine, Murmur3 ya Austin Appleby inapitisha 3.9, FNV ya biti 64 inapitisha 1.2, SHA-1 0.8, na MD5 0.6. Ukiishia kwenye jedwali hilo utaikimbia MD5.

Sasa ingiza kazi yako halisi kwenye hesabu. Anwani ya picha ina baiti kama 100. MD5 inaijazia hadi vipande viwili vya baiti 64, yaani baiti 128. Kwa gigabaiti 0.6 kwa sekunde, hiyo ni takriban mikrosekunde 0.2. Tuseme simu ya mteja wako ni dhaifu mara 20 kuliko kompyuta ile: mikrosekunde 4. Skrini inayojichora mara 60 kwa sekunde ina mikrosekunde 16,700 kati ya mchoro mmoja na unaofuata. Kushusha picha yenyewe kwa mtandao wa simu kunaweza kuchukua mamia ya milisekunde ukiwa Njiro. Ukishaingia hifadhini, huenda isishuke kabisa.

Kwa hiyo anayelinganisha XXH3 na MD5 kwa ajili ya majina tu anagombania muda ambao hakuna mtumiaji atakayeuona.

Kasi haina maana kabisa, basi?

Ina maana unapoheshi yaliyomo ndani ya faili badala ya anwani yake. Programu inayobeba ramani za hifadhi za kutumika bila mtandao, au video za mafunzo ya kupogoa mibuni, ina faili za mamia ya megabaiti, na unaweza kutaka kuhakikisha kwamba kilichofika ndicho kilichotumwa. Hapo tofauti kati ya 0.6 na 31.5 inaonekana kwenye muda na kwenye betri. Kama unachoogopa ni faili kuharibika njiani, XXH3 inafaa sana. Kama unaogopa mtu kuibadilisha makusudi, tumia heshi ya usalama: SHA-256 au BLAKE3 ya mwaka 2020. Prosesa nyingi za ARM za biti 64 zina maelekezo maalumu ya SHA-256 ndani yake, kwa hiyo si nzito kama watu wanavyodhani.

Na skrini ikikwama mtu anapoviringisha orodha ya picha, usianze kwa kuishuku heshi. Angalia kama unasoma faili kwenye uzi (thread) uleule unaochora skrini, au kama unafungua picha ya pikseli 4,000 ili uionyeshe kwenye kisanduku cha pikseli 200. Mara nyingi tatizo liko hapo.

Dada, lugha yangu ya programu ina hashCode, heshi yake ya ndani, tayari. Si nitumie hiyo tu?

Usitumie, mdogo wangu. Ina kasoro mbili, na ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza.

Ya kwanza ni udogo. String.hashCode ya Java inatoa biti 32, na inafanya kazi kwa kuzidisha kwa 31 na kujumlisha. Jaribu kwa karatasi na kalamu. Kwa "Aa": A ni 65, a ni 97, basi 65 × 31 + 97 = 2112. Kwa "BB": 66 × 31 + 66 = 2112. Maneno mawili, namba moja. Ukibandika neno lolote lilelile mbele au nyuma ya kila moja kati ya hayo, namba zinabaki kulingana. Mtu yeyote anaweza kutengeneza migongano ya aina hiyo kadiri atakavyo.

Ya pili ni kutotulia. Swift, kuanzia toleo la 4.2 la mwaka 2018, huchagua mbegu mpya ya bahati nasibu (namba ya kuanzia hesabu ya heshi) kila programu inapowashwa. Python hufanya hivyo kwa maneno tangu toleo la 3.3. Dart haiahidi kwamba hashCode itabaki ileile programu ikizimwa na kuwashwa tena. Maana yake jina ulilolipa jana picha ya Kibo, leo halipo. Programu haianguki wala haitoi ujumbe wa kosa. Inashusha upya tu, kimya kimya, na folda ya kashe inajaa faili zisizo na mwenyewe. Hii ndiyo kasoro ninayoichukia kuliko zote, kwa sababu mtengenezaji aliyeunganishwa na waifai ya ofisini hawezi kuihisi. Anayeihisi ni kijana wa Pasua anayejiuliza bando lake limekwenda wapi.

Ya Java angalau imetulia, maana kanuni yake imeandikwa kwenye maelezo rasmi ya lugha. Ndiyo maana maktaba ya Volley ya Android iliweza kuitumia: hukata anwani katikati, huchukua hashCode ya kila nusu, kisha huziunganisha kuwa jina. Lakini Volley huandika anwani kamili ndani ya faili na kuikagua wakati wa kusoma. Ukaguzi huo ndio unaoiokoa.

Biti ngapi zinatosha?

Ukiwa na watu 23 chumbani, uwezekano wa wawili kuwa na siku moja ya kuzaliwa unapita nusu, ingawa mwaka una siku 365. Migongano ya heshi hufuata hesabu hiyohiyo: huanza mapema sana kuliko akili inavyotarajia.

Biti 32 zinatoa majina bilioni 4.29. Yanaonekana mengi. Lakini kwa picha 10,000, uwezekano wa angalau mgongano mmoja ni kama asilimia 1.2, na kwa picha 77,000 unafika nusu. Biti 64 ni habari nyingine: kwa picha milioni moja, uwezekano ni kama 1 kati ya milioni 37. Kwa biti 128 unaweza kulala usingizi.

Asilimia 1.2 usiidharau. Fikiria mkulima wa Kibosho aliyefungua programu kutazama dalili za chulebuni, akaonyeshwa picha ya kutu ya majani kwa sababu majina mawili yamegongana. Atarudi shambani na dawa isiyo yake. Kwenye programu ya utalii picha ya chui ikitokea mahali pa hoteli ni aibu ya dakika moja. Kwenye programu ya mkulima ni hasara ya msimu.

CRC32 je?

Ni biti 32, basi jibu umeshalipata hapo juu. Ilibuniwa kukamata makosa ya usafirishaji wa data, na kazi hiyo inaifanya vizuri.

Nasikia MD5 imevunjwa. Naruhusiwa kuitumia?

Imevunjwa kweli. Ron Rivest aliichapisha mwaka 1992, na mwaka 2004 Xiaoyun Wang na wenzake wakaonyesha jinsi ya kupata vitu viwili vyenye MD5 moja. SHA-1 nayo ilifuata: Februari 2017 Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam walitoa faili mbili za PDF zenye SHA-1 moja.

Lakini uliza nani anaziandika anwani zako. Kama zote zinatoka kwenye seva yako mwenyewe, hakuna wa kukutegea mgongano, na MD5 yenye biti 128 haitakugongana kwa bahati mbaya. Maktaba ya picha ya SDWebImage ya iOS na kashe ya maktaba ya mtandao ya OkHttp hutumia MD5 kwa majina ya faili hadi leo. Kama anwani zinaletwa na watumiaji, kwa mfano programu ya soko ambapo kila muuzaji anabandika kiungo cha picha yake, mambo yanabadilika. Mwaka 2024 Marc Stevens alionyesha mifuatano miwili ya herufi na tarakimu za kawaida, kila mmoja wa baiti 72, yenye MD5 moja. Vitu vya aina hiyo vinaweza kuingia kwenye anwani bila kushtukiwa. FNV, Murmur na xxHash ni rahisi zaidi kutegewa, kwa sababu hazikukusudiwa kumzuia adui.

Wewe ungechagua ipi?

SHA-256, kisha nikate na kubakiza baiti 16 za mwanzo. Zinatoa herufi 32 za heksadesimali (tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f). Kukata kunaruhusiwa, biti 128 za mwanzo za SHA-256 ni nzuri kama biti nyingine zozote zake. Iko tayari ndani ya Android kupitia MessageDigest, iko ndani ya CryptoKit tangu iOS 13, na kwenye Dart iko katika pakiti ya crypto. Huhitaji maktaba ya ziada inayoongeza ukubwa wa programu ambayo mtu ataishusha kwa bando. Glide, maktaba ya picha ya Android, nayo hutumia SHA-256 kwa kashe yake ya diski.

Nikiwa tayari ninabeba xxHash kwa kazi nyingine, na anwani zote ni zangu, ningetumia XXH3 ya biti 128 bila wasiwasi. Ubishi wa kuchagua kati ya hizo mbili haustahili mchana mzima wa timu yako.

Nataka kitu kidogo ninachoweza kuandika mwenyewe, bila maktaba.

FNV-1a ya biti 64, ya Fowler, Noll na Vo. Anza na namba 14695981039346656037. Kwa kila baiti ya anwani, fanya XOR kati ya namba yako na baiti hiyo, kisha zidisha kwa 1099511628211 na ubakize biti 64 za chini. Basi, imekwisha.

Mitego iko kwenye lugha. Kotlin na Java huihesabu baiti kama namba yenye alama, kwa hiyo isafishe kwa 0xff kwanza, la sivyo anwani zenye herufi zisizo za ASCII zitakupa jibu tofauti na la seva. Kwenye Swift zidisha kwa &*, kwa sababu alama ya kawaida ya kuzidisha huiangusha programu namba ikifurika. Dart ikigeuzwa kuwa JavaScript kwa ajili ya wavuti, namba kamili hupoteza usahihi zikizidi biti 53, na heshi yote inaharibika.

Kashe ipo, heshi ni nzuri, lakini picha zilezile zinashushwa kila siku. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninalotamani watu wangeanza nalo. Heshi inafanya kazi yake sawasawa. Unachoipa ndicho kinachobadilika.

Seva nyingi za kuhifadhi picha hutoa anwani zenye saini na muda wa kuisha. Picha ni ileile ya tembo wa Tarangire, lakini leo mkia wa anwani una saini moja, kesho una nyingine. Kwa heshi hizo ni anwani mbili, basi ni faili mbili. Kampuni ya utalii yenye waongozaji wanaofungua katalogi ileile kila asubuhi kabla ya kuondoka mjini inalipia picha hizohizo kila asubuhi. Kubadilisha SHA-256 kuwa XXH3 hakutarudisha hata senti moja ya fedha hiyo. Kuondoa saini kabla ya kuheshi kunairudisha yote.

Kwa hiyo tengeneza ufunguo kwanza, yaani anwani iliyosafishwa, ndipo uuheshi. Toa saini, muda wa kuisha, tokeni, na vigezo vya matangazo kama utm_source. Acha vile vinavyobadilisha picha yenyewe, kama w=480, maana picha ya pikseli 480 na ya 1,600 ni vitu viwili. Panga vigezo kwa alfabeti ili mpangilio usilete jina jipya. Jina la seva ligeuze liwe herufi ndogo, lakini njia inayofuata usiiguse, kwa kuwa seva inaweza kutofautisha Tembo.jpg na tembo.jpg. Halafu geuza kuwa baiti za UTF-8. Kama majina yana herufi zenye alama, kama é kwenye jina la mgahawa wa kahawa, chagua umbo moja la Unicode, kwa kawaida NFC. Herufi hiyo inaweza kuandikwa kwa njia mbili zinazofanana machoni na kutofautiana kwenye baiti.

Kama picha ni ya siri na kila mtumiaji ana yake, weka namba ya mtumiaji ndani ya ufunguo. Simu moja inaweza kutumiwa na watu wawili wa nyumba moja.

Nitajuaje kwamba faili niliyoipata ni ya anwani niliyoiomba?

Andika ufunguo kamili kando ya picha, mwanzoni mwa faili au kwenye jedwali dogo la SQLite, na ulinganishe unaposoma. Mhudumu wa vifurushi stendi ya Moshi hukutafutia mzigo kwa namba ya risiti, lakini husoma jina lililoandikwa juu yake kabla ya kukukabidhi. Ufunguo usipolingana, chukulia kwamba faili haipo na ushushe upya. Ukiwa na ukaguzi huu, hata heshi ya biti 64 haiwezi kukuonyesha picha ya mwingine. Kibaya kitakachotokea ni kushusha mara mbili.

Niandike heshi kwa heksadesimali au base64?

Heksadesimali, kwa herufi ndogo. Base64 ni fupi, ila hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na FAT32 na exFAT za memori kadi hazitofautishi. Mac nyingi nazo hazitofautishi, kwa hiyo kinachofanya kazi kwenye simu ya iPhone kinaweza kugongana kwenye simu ya kuigiza iliyo ndani ya kompyuta yako. Tena base64 ya kawaida ina mkwaju ndani yake.

Nigawanye faili kwenye folda ndogo?

Kwenye kumbukumbu ya ndani ya simu, faili elfu chache folda moja inazimudu. Kwenye memori kadi ya FAT32, gawanya. Folda moja ya FAT32 ina nafasi 65,536, na jina la herufi 32 linakula nafasi nne, kwa hiyo inajaa kwenye faili kama 16,000. Tumia herufi mbili za mwanzo za heshi kama jina la folda. Utapata folda 256 zilizojaa kwa usawa, bila kuhesabu chochote zaidi.

Mtandao ulikatika katikati na sasa picha inaonekana nusu, kila siku.

Uliandika moja kwa moja kwenye jina la mwisho. Andika kwanza kwenye faili ya muda iliyo kwenye folda ya kashe hiyohiyo, na ikikamilika ibadilishe jina. Kubadilisha jina ndani ya mfumo mmoja wa faili hufanyika kwa pigo moja: ama faili ipo nzima, ama haipo. Kwenye barabara ya Makuyuni kwenda Mto wa Mbu, ambako mtu anaweza kupoteza mtandao katikati ya picha, hili lina thamani kuliko heshi yoyote.

Picha ikibadilishwa kwenye seva bila anwani kubadilika?

Jina la heshi linakuambia faili ni ya anwani gani, halikuambii kama bado ni mpya. Tunza ETag, alama ya toleo iliyokuja na picha kutoka kwenye seva, na uiulize seva mara kwa mara. Isipobadilika itajibu 304 bila kutuma picha. Kama seva ni yako, weka toleo ndani ya anwani na tatizo litaondoka.

Nimeshatoa programu yenye heshi mbaya. Nikibadilisha, watu wote watashusha upya?

Si lazima. Weka toleo kwenye jina la folda, tuseme v2. Picha ikiombwa, itafute v2. Isipokuwepo, hesabu jina la zamani, itafute kwenye folda ya zamani, tuiite v1, hakikisha ni yenyewe, kisha uihamishie v2. Baada ya miezi michache futa v1. Njia hii inawezekana tu kama heshi ya zamani ilikuwa imetulia. Kama ilikuwa ile ya Swift yenye mbegu, futa zote, hazitapatikana tena.

Nipimeje kama nimeiandika sawasawa?

Tumia majibu yanayojulikana. Kwa mfuatano mtupu, MD5 ni d41d8cd98f00b204e9800998ecf8427e, SHA-256 huanza na e3b0c44298fc1c14, na FNV-1a ya biti 64 ni cbf29ce484222325. Kwa herufi "a" pekee, FNV-1a ni af63dc4c8601ec8c. Weka hizi kwenye majaribio yanayojiendesha ya Android na ya iOS, zote mbili.

Kisha fanya jaribio la mkono kwa simu ya bei ya chini, siyo ile yako nzuri. Fungua programu ukiwa na mtandao, pitia picha zote, ifunge kabisa, washa hali ya ndege, ifungue tena. Picha zote zionekane. Rudisha mtandao, na kesho yake angalia kwenye mipangilio ya simu programu imekula data kiasi gani.

Naweza kutumia heshi hiyohiyo kuhifadhi nywila?

Hapana. Nywila zinahitaji fomula nzito kwa makusudi, kama Argon2 au bcrypt, na mahali pake ni kwenye seva.